Mbegu za Pera Kwenye Chujio

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimeliiba. Utafiti umeletewa katoni nzima ya madaftari yenye jalada gumu, nikachukua moja nikalitia kwenye mkoba, wala dhamiri haikunishtua. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye maabara hii nikiandika namba za watu. Msimu huu wa mvua nitaandika na ya kwangu.

Kazi yenyewe iko hivi. Watu sitini wanaoishi na virusi, wanaokunywa dawa zao kila siku, watapimwa damu kila baada ya wiki mbili mpaka mvua ziishe. Daktari wa utafiti anataka kujua damu inasema nini kuhusu lishe yao: wingi wake, protini, vitamini, na akiba ya chuma mwilini. Wengine kati yao wana minyoo pia, na minyoo ni mgeni anayekula bila kukaribishwa. Kwa hiyo kila mtu atatoa kikopo cha choo. Nikiona mayai ya minyoo, anapewa dawa ya minyoo. Nisipoona, hapewi, anaangaliwa tu ili alinganishwe na wenzake. Kikopo ndicho kinachoamua.

Vikopo vinakusanywa majumbani na Mama Buti, mhudumu wa jamii. Tunamwita hivyo kwa sababu ya buti zake za mpira, havui hata jua likiwaka. Tulianza kazi mwezi mmoja, mimi na yeye. Siku tulipomzika mama yangu, ni yeye aliyenishika nisianguke kaburini.

Namba 17 ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Analima mboga ukingoni mwa mto, upande wa ng'ambo. Miaka minane sasa anatumia dawa, na katika ukoo mzima ni mimi peke yangu ninayejua. Kaka yetu hajui, mke wa kaka ndiyo kabisa. Aliniambia mimi, akanishika mkono, akasema, "Dada, hii iishie kwako." Imeishia kwangu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza, na haikubisha hodi. Mama Buti kaingia saa tatu na vikopo ishirini na viwili, sita kati ya hivyo vya ng'ambo ya mto, na mfuko wa mapera kutoka kwenye mti wa uani kwake.

"Vikopo huku, mapera huku," akasema. "Usije ukakosea ukatafuna visivyo."

"Mwenzangu umevuka mto kwa mabawa? Mbona buti zinang'aa?"

"Nimezisuuza bombani, nisikuchafulie maabara yako. Lo, mtu hata usafi ni kosa?"

Tukacheka mpaka Daktari akachungulia dirishani.

Choo unakipitisha kwenye chujio la matundu madogo, kinachopita unakipaka kwenye kioo na kukiweka chini ya hadubini, kinachobaki unakitupa. Vya ng'ambo vyote sita ni visafi, yai hata la dawa hakuna. Kwenye chujio zilibaki mbegu za pera, nyingi. Watu wa ng'ambo wanakula mapera kama popo. Nimefurahi sana kwa ajili ya 17, maana anashinda kwenye matope peku, na nilikuwa na wasiwasi na minyoo ya safura, ile inayopenyea nyayoni na kunyonya damu tumboni. Namshukuru Mungu.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya kwanza ya damu. Watu wa ng'ambo wanaogopa daraja la mbao, wanazunguka kwa gari barabara kuu, saa mbili nzima. 17 alikaa kwenye foleni kama mtu nisiyemjua, ndivyo tulivyokubaliana. Nilipomfunga mpira mkononi nikamnong'oneza, "Vaa viatu."

"Mboga hazilimwi kwa viatu, dada."

Wingi wa damu yake 10.6, mwanamke mzima huwa na 12 kwenda juu. Si haba.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Sikufanya kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Mama Buti, mapera, umbea wa wodini. Siku njema.

Jumatano, 27 Machi

17: 9.5. Protini nayo imeshuka. Ana kidonda cha jembe kwenye kifundo cha mguu, kimevimba. Nimempa bandeji na karipio.

Namba 19 ni mzee jirani yake, mtani wa foleni nzima. Nikimchoma anasema, "Chukua kidogo binti, hiyo ndiyo niliyobakiwa nayo." Leo yake ilikuwa 7.8, na bado anatania. Naye kikopo chake kilikuwa safi. Sielewi.

Jumamosi, 30 Machi

Mto umepanda hadi kwenye mbao za daraja. Mama Buti anasema anavuka hivyo hivyo, kila wiki, kuwatembelea watu wake. Nimemsifu mbele ya Daktari, nikasema tungekuwa na watano kama yeye utafiti ungejiendesha wenyewe. Mama Buti aliinamisha macho. Nikasema moyoni, tazama, na unyenyekevu anao.

Jumatano, 10 Aprili

17: 8.3.

Nimerudia kipimo mara tatu, nikaifuta mashine, nikakirudia tena. 8.3. Mtu anayepoteza zaidi ya pointi mbili kwa mwezi mmoja si mtu wa kusema "labda ni mvua". Alipanda ngazi za kibarazani akasimama kupumua mara mbili. Ngazi ziko nne.

Daktari aliniita ofisini, kaweka karatasi mbele yake. Ni kijana msomi, hasemi kwa haraka, na ndiyo maana maneno yake yanaingia.

"Tazama mwenyewe. Akiba ya chuma ya huyu iko juu, pengine kuliko yako na yangu. Kwa hiyo chuma hajakosa. Minyoo hana, kikopo umekisoma wewe. Damu inashuka kwa nini?"

Nikaisoma tena karatasi.

"Virusi," akasema. "Na virusi haviamki vyenyewe. Huyu mama hanywi dawa."

Nimetoa chupa moja ya damu yake ya kuhesabu virusi, imepelekwa maabara kubwa. Majibu ni wiki mbili au tatu, barabara zikikubali. Lakini mimi sihitaji majibu. Mambo matatu yote yananiambia jambo moja. Miaka minane nimebeba siri ya mtu, nimemdanganya kaka yangu mchana kweupe kwa ajili yake, nimeruka sikukuu za ukoo ili kumsindikiza kliniki, kumbe mwenzangu anachezea dawa. Nimekasirika sana.

Namba 19 hakuja.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kwake. Nilipanda gari la kuzunguka barabara kuu. Mama Buti alisema daraja sasa ni la watu waliozoea kama yeye, mimi nitaishia mtoni. Mara ya mwisho kufika kwa mdogo wangu ilikuwa kabla ya mvua. Naliandika hilo kwa sababu safari nzima nilikuwa nalifikiria, na bado nilifika nikiwa na hasira badala ya aibu.

Nilimkuta amelala mchana. Binti yake wa miaka tisa alikuwa anakoroga uji. Uji ndio anaokula siku hizi, pembe za midomo zimechanika na ulimi umekuwa mwekundu, laini, hauna vipele. Nilimtuma mtoto dukani, nikafunga mlango.

"Leta vidonge."

"Salamu hakuna, dada?"

"Leta vidonge vyako."

Akavileta. Nikavimwaga kwenye mkeka, nikavihesabu kimoja kimoja mbele yake kama askari wa forodha. Vilitimia. Vilibaki kumi na viwili, na vilivyotakiwa kubaki ni kumi na viwili.

"Vimetimia," akasema.

"Kutimia si kumezwa. Chooni kuna shimo."

Yule mtoto alikuwa amerudi, nilisikia viatu vyake nje ya mlango, na sikujali.

"Dada, miaka minane nameza mbele ya Mungu. Unataka nimeze mbele ya nani?"

"Damu haidanganyi. Nimeisoma mwenyewe."

"Basi labda unaisoma vibaya."

Hapo nikasema mengi. Nikamwambia kwamba miaka kumi na tisa sijasoma damu ya mtu vibaya. Nikamwambia amenisaliti, amemsaliti mwanawe, na kama anataka kufa afe, lakini asiniache mimi na siri yake mkononi kama mtu aliyeachiwa mtoto stendi. Hakulia. Alikusanya vidonge kwenye mkeka akavirudisha kwenye kopo, taratibu, maana vidole vilikuwa havina nguvu. Nikaondoka bila kunywa hata maji.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia kaka.

Nilijiambia namwokoa. Kaka ana sauti, nilijiambia, atamlazimisha kumeza. Nilipomaliza kusema, jambo la kwanza kaka aliloliuliza ni, "Miaka minane tunakula naye sahani moja, na wewe unajua?"

"Kaka, hayaambukizwi kwa sahani."

"Mimi naongelea kufichwa," akasema. Lakini mkewe alikuwa mlangoni, na yeye alikuwa anaongelea sahani.

Jumanne, 16 Aprili

Kaka amemchukua mtoto. Amesema atakaa kwake mpaka mama yake "atakapojirekebisha". Mke wa kaka amerudisha sufuria aliyoazima kwa mdogo wangu tangu mwaka jana, imesuguliwa na mchanga nje ndani.

Sikukusudia hivi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkusanyo wa pili wa vikopo. Mama Buti kaja na mfuko wa mapera. Nimemweleza yote ya 17, maana yeye ni mtumishi mwenzangu na anajua namba ile ni nani. Akashika mdomo. "Usijilaumu. Umefanya kama dada. Mgonjwa akiwa mkaidi, hata malaika hamwezi." Nilimlilia begani. Alininunulia soda.

Vya ng'ambo sita, visafi vyote. Mbegu tele kwenye chujio. Hata namba 19 kaleta chake, mzee wa ajabu huyo, damu ananyima, choo anatoa.

Jumatano, 24 Aprili

17 ameanguka kwenye foleni.

Damu 6.1. Sikuwa na haja ya mashine, nilipomfunua kope ndani palikuwa peupe kama karatasi. Tumemlaza wodi ya wanawake, kitanda cha pembeni, akatundikiwa chupa ya damu ya mtu mwingine. Nilipomrekebisha mto aligeukia ukutani. Sijui alikuwa amezirai bado au la.

Nimempigia kaka. Kasema atakuja. Hakuja.

Alhamisi, 25 Aprili

Chupa ya damu imeisha. 7.3. Hasemi nami.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Hasemi nami.

Jumatatu, 29 Aprili

Majibu ya virusi yamefika, bahasha imelowa pembe moja. Niliifungua kabla ya Daktari, na hilo si ruhusa.

Namba 17. Virusi: havionekani.

Nilisoma kama mtu anayesoma hukumu ya kwake mwenyewe. Havionekani maana yake ni kwamba anameza. Anameza kila siku, saa ile ile, hajaruka. Pengine hakuna mtu kati ya wote sitini anayemeza vizuri kumzidi.

Nikakaa kwenye stuli ya maabara na ndipo nikakumbuka jambo nililofundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Mwili ukiwa na uvimbe au kidonda kinachooza, hukifungia chuma ghalani. Namba ya akiba inapanda, kwenye karatasi mtu anaonekana tajiri, na yeye huku anakauka. Kidonda cha jembe nilikiona kwa macho yangu, nikakifunga bandeji kwa mikono yangu. Ulimi nao niliuona, na ulimi ule ni wa mtu aliyeishiwa chuma. Nilikuwa na macho yote mawili. Ila kikopo kilisema hana minyoo, na kikopo kililetwa na rafiki yangu, basi nikamwamini rafiki nikamshuku ndugu.

Nikaenda wodini. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, mbele ya wagonjwa na wauguzi, na sikusema mengi.

"Ulikuwa unameza."

"Nilikwambia."

"Nisamehe."

Akafumba macho. Nikadhani ndiyo basi. Kisha nikamwuliza, kwa vile kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kwenda mahali ambapo moyo hautaki, "Yale mapera unayokula, unayapata wapi huko kwenu?"

"Mapera?"

"Kwenye vikopo vyako vya choo, vyote viwili, mbegu za pera."

Akafumbua macho. "Pera, na kinywa hiki? Hata chumvi sigusi. Na vikopo gani, dada? Mimi mmenitoa damu tu. Choo hakuna aliyeniomba."

"Mama Buti hajaja kwako?"

"Tangu mvua zianze sijamwona Mama Buti kwa macho. Mtu yeyote wa kliniki hajavuka. Hata kwenye msiba wa mzee hamkuja, tukashangaa."

"Mzee yupi?"

"Jirani yangu, yule mtani. Tulimzika Jumanne ile, kesho yake nikaja huku kutolewa damu. Tarehe tisa."

Namba 19. Kikopo chake nilikipokea tarehe kumi na tisa.

Jumanne, 30 Aprili

Asubuhi nimempa mdogo wangu kikopo kwa mkono wangu. Muuguzi alimshikilia, mimi nikasubiri nje ya pazia. Nikakipeleka mwenyewe maabara, nikachuja mwenyewe. Kwenye chujio hapakubaki mbegu hata moja.

Chini ya hadubini niliacha kuhesabu nilipofika mayai mia nne. Minyoo ya safura. Tumbo zima linanyonywa, na dawa yake ni kidonge cha kutafuna, kimo kwenye kabati nyuma ya kiti changu, katoni mbili zimejaa vumbi. Angekitafuna tarehe tisa Machi. Nimelia kwa sauti, nikiwa peke yangu, nikajifuta kwa gauni la kazi.

Mama Buti akaingia saa tatu, na mapera.

"Weka mezani," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa. Nikamwuliza kwa nini watu sita wa nyumba tano tofauti wanakula mapera siku moja, tena mara mbili.

"Mapera si yako kila mahali! Msimu wake huu. Wewe nawe leo umeamkia upande gani?"

"Sawa. Na mzee, namba 19? Kaburini kuna mapera?"

Nikaona damu inamkauka usoni, mimi ninayejua rangi ya mtu akiishiwa damu. Akaanza kuvua buti, sijui kwa nini, alivua moja akaishika mapajani kama mtoto.

"Siku ile ya kwanza nilifika darajani," akasema. "Wallahi nilifika. Nikakanyaga ubao wa kwanza, magoti yakaisha. Maji yalikuwa yanapita hapo chini, yanakimbia. Nikasema nitarudi kesho. Lakini vikopo vilitakiwa siku hiyo hiyo, na Daktari alisema mwenye kukosa vikopo eneo lake linafutwa. Nyumbani tuko wanne, wote tulikunywa dawa ya minyoo mwezi wa kwanza. Nikasema hakuna atakayeumia. Choo ni choo."

"Choo ni choo."

"Nilidhani watu wale wazima tu."

"Ulisikia damu yake inashuka. Nilikueleza wewe. Nililia kwenye bega lako, ukaninunulia soda, ukaniambia mdogo wangu mkaidi!"

"Ningesemaje wakati ule? Ningekuambia, ungeniandika."

"Ningekuandika, ndiyo. Na mtoto angekuwa kwa mama yake."

Akaanza kulia, kilio cha kweli, namjua kilio chake. Akasema tusameheane, tumetoka mbali, nani alinishika siku ya mama. Nikasema nakumbuka. Kisha akainua uso akaniuliza, bila ukali, ndiyo maana limenichoma, "Na wewe mbona hukuvuka? Mimi ni mhudumu tu. Yule ni mdogo wako."

Nilimrudishia mfuko wa mapera. Nimeyala msimu mzima, asubuhi kwa asubuhi, nikitema mbegu kwenye kiganja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilidhani ni habari ya chawa.

Ijumaa, 3 Mei

Nimeandika yote kwa Daktari, karatasi tatu, na jina la Mama Buti limo. Limo na langu pia: mbegu nilizoziona, nilizozicheka, kikopo cha marehemu nilichokipokea. Daktari alisoma akavua miwani. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema hanywi dawa." Nikasema ndiyo, lakini mimi ndiye niliyekwenda kumwambia kaka.

Mama Buti amesimamishwa. Wodini nusu hawanisalimu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimevuka daraja. Mbao zinateleza, kuna mbili zimeng'oka, na kweli magoti yanaisha. Nilivuka nikiwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, vikopo shingoni. Nyumba ya mzee imefungwa kwa kufuli. Sijui kama dawa ingemwokoa, alikuwa mzee mwenye magonjwa mengine. Sitajua. Wanne waliobaki wametoa vikopo vyao, na watatu wana safura.

Walichoniuliza wote ni kwa nini nimechelewa.

Jumatano, 8 Mei

17: 7.9. Kidonge cha minyoo amekitafuna, kidonda kinakauka. Anajibu nikimwuliza, haanzi yeye.

Jumapili, 12 Mei

Kwa kaka. Nilipeleka ile karatasi ya maabara, nikamwonyesha neno "havionekani", nikamweleza mpaka koo likakauka. Nikasema kosa ni langu. Alisikiliza, akasema mtoto arudi. Mkewe akasema na sahani za mtoto aondoke nazo. Nilizibeba, sahani mbili na kikombe, na mtoto akanishika mkono njia nzima bila kuniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Jumatano, 22 Mei

17: 9.1. Amerudi shambani. Anavaa viatu vya mpira.

Majirani wa ng'ambo wameacha kununua mboga zake. Neno lilitoka kwa mke wa kaka likavuka mto bila daraja.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua zimeisha. Leo ndiyo siku ya mwisho ya utafiti, vikopo na damu kwa pamoja, na hakuna mkusanyaji, kila mtu anajiletea.

Alikuja saa nne. Hakukaa kama mtu nisiyemjua. Alikuja moja kwa moja mpaka dirishani kwangu akaweka kikopo juu ya meza, hakukifunga hata kwa karatasi.

"Nimekipakata garini saa mbili," akasema. "Watu wanatazama. Nikawaacha watazame."

"Ungekifunika, mdogo wangu."

"Nifiche nini tena?"

Nikachukua mpira wa kumfunga mkono. Akaurudisha mkono nyuma.

"Naomba anitoe mtu mwingine."

"Hapa tuko mimi na Daktari tu."

"Basi Daktari."

Daktari si mzuri wa sindano, alimchoma mara mbili kabla ya kuupata mshipa. Mdogo wangu hakukunja uso. Nilisimama kwenye mlango wa maabara yangu mwenyewe kama mgeni. Kikopo chake kilikuwa safi, safari hii ni chake. Alipokuwa anashuka ngazi zile nne, kwa pumzi moja, nikamkimbilia.

"Hutanisamehe?"

Alisimama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Minyoo naielewa, dada. Ilikuwa na njaa. Mama Buti naye naambiwa alikuwa na hofu." Akaweka vizuri mkoba wake begani. "Wewe ulikuwa na nini?"

Akaenda kupanda gari. Nimerudi ndani, nimeosha chujio, na kwenye kitabu nimeandika namba yake, 10.2.